Uliza Fundi: Meseji za grupu hili zifikeje grupu lile?

Meseji zenu za mwezi huu karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa sura tofauti, yaani nina watu huku na nina watu kule, nimechoka kukopi na kupesti, naandikaje skripti ya kuwapelekea hawa maneno ya wale. Nimechagua chache, zilizofanana nimeziunganisha. Wale wawili mlioniuliza namna ya kupitisha meseji za simu ya mke au mume zije kwenye simu yako, hapa hamtajibiwa.

Habari za kazi fundi. Mi nanunua dagaa hapa mwaloni Kibirizi natuma Tabora, Dodoma mpaka Dar. Wenye mitumbwi wako WhatsApp, wateja wangu wengi wako Telegram. Kila asubuhi nakopi bei na magunia toka huku kwenda kule mpaka chai inapoa. Kuna kijana kasema atanifungia roboti, ila anataka niskani QR yake kwa simu yangu ya biashara. Nimkubalie? – Mama Dagaa, Kibirizi

Shikamoo mama. Usiskani kwanza.

Anachotaka kufanya ni kuunganisha programu yake na WhatsApp yako, sawasawa na wewe kufungua WhatsApp kwenye kompyuta yake. Maktaba za bure za kazi hiyo zipo, Baileys na whatsapp-web.js ndo maarufu, na zinafanya kazi kweli, kwahiyo sisemi kijana ni tapeli. Ila njia hiyo sio rasmi, WhatsApp hawairuhusu na namba ikishtukiwa inafungiwa. Wewe namba yako ndo duka lenyewe, wateja wameisevu miaka yote, ikifungiwa WhatsApp msimu wa giza dagaa wanashuka mwaloni utamtafutia wapi mteja wa Dodoma? Na kuna la pili ambalo vijana hawalisemi, ukishaskani programu yake inasoma kila kitu, sio grupu la dagaa peke yake, mpaka meseji za wanao.

Njia rasmi ipo. Tangu Mei 2022 kampuni ya Meta, wenye WhatsApp, imefungua API ya biashara (mlango rasmi wa programu kutuma na kupokea meseji) kwa mtu yeyote, ila imetengenezwa biashara iongee na mteja mmoja mmoja, sio kukaa kimya ndani ya grupu la wavuvi na kubeba maneno yao.

Ningekuwa mimi ningegeuza mpango. Bei ya kuwauzia wateja unaijua wewe, hawaijui wenye mitumbwi. Kwahiyo usijenge kitu cha kusikiliza WhatsApp, jenga roboti ya Telegram ambayo wewe unaiandikia mara moja tu, "magunia 14, bei hii, gari linatoka jioni", nayo inasambaza magrupu yako yote ya Telegram, hiyo ni kazi halali na kijana anaijua bila shaka. Upande wa WhatsApp tumia Community, unakusanya magrupu yako chini yake na tangazo unaliandika mara moja likawafikia wote, hamna skripti hapo wala hela ya mtu. Kufowadi kunachosha kwasababu wamekuwekea breki makusudi, meseji ikiwa imeshafowadiwa hapo nyuma inaenda grupu moja tu kwa wakati.

Kaka mambo. Sisi ni wanafunzi hapa Tabora, tuna seva ya Discord ya kujifunza Python na chaneli ya IRC (ule mfumo wa zamani wa kuchati kwa maandishi tu) maana wengine simu zao hazibebi Discord na bando ni shida. Nimeandika roboti inayopitisha meseji pande zote mbili. Tatizo, mtu wa IRC akiandika kitu kinamrudia mwenyewe mara ya pili. Halafu juzi mshkaji wangu akawasha skripti ileile kwenye laptopu yake, "mambo" moja ikazunguka usiku kucha mpaka seva ya IRC ikatutoa. Nimeshaweka sharti kwamba kama mwandishi ni roboti mwenyewe asipitishe. Nakosea wapi? Nakutumia skripti yote. – Mnyamwezi wa Python, Tabora

Poa mdogo wangu. Kabla ya yote: skripti uliyonitumia ina tokeni yako ndani. Nenda kwenye ukurasa wa wasanidi wa Discord uibadilishe sasahivi, mwenye tokeni ndo roboti, anaandika chochote kwa jina lako. Siku nyingine iweke kwenye faili la pembeni au environment, isikae kwenye skripti.

Haya tuje kwenye ugonjwa. Sharti lako ni zuri ila halitoshi, na sababu nimeiona mstari wa katikati: upande wa Discord hutumi kwa akaunti ya roboti, unatuma kwa webhuku (anwani ya kupachika meseji kwenye chaneli bila akaunti ya roboti) ili jina la mtu wa IRC lionekane kama ndo kaandika yeye. Safi, inapendeza. Lakini meseji ya webhuku inarudi kwenye masikio ya roboti yako kama meseji nyingine yoyote, na mwandishi wake sio roboti yako, ni webhuku, ana ID yake tofauti. Sharti lako linauliza "ni mimi?", jibu linakuja "hapana", basi inabebwa kurudishwa IRC. Ni kama mpiga mbiu anayesikia mwangwi wake mlimani akadhani kuna tangazo jipya. Kagua `webhook_id`, ikiwa na thamani na ni ya webhuku yako, ruka.

Kwanini ulipokuwa peke yako ilirudia mara moja tu na sio milele? Kwasababu seva ya IRC kwa kawaida haikurudishii ulichotuma mwenyewe, kwahiyo duara lilikatika hapo. Mshkaji alipowasha nakala ya pili duara likafunga: yako inaandika IRC, ya kwake inaisikia inapeleka Discord, yako inaisikia Discord inarudisha IRC, na hamna hata moja inayosema uongo ikidai "huyu sio mimi". Kujitambua hakusaidii mkiwa wawili. Kinachosaidia ni orodha ya wabebaji wote, majina na ID za roboti na webhuku, ukikuta mwandishi yumo humo hupitishi, basi. Na kubalianeni nakala moja tu ndo iwake.

Tatizo lenyewe ni la zamani kuliko wewe na mimi tukijumlishwa. IRC aliiandika Jarkko Oikarinen mwaka 1988 pale Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, na kanuni zake zilipochapishwa 1993, RFC 1459, tayari walikuwa wameshaumwa na hili duara. Ndo maana kuna amri mbili za kutuma maneno, PRIVMSG na NOTICE, na kanuni inakataza kabisa programu kujibu NOTICE kiotomatiki. Roboti yako ikituma kwa NOTICE na ikikataa kubeba NOTICE, roboti mbili zenye adabu haziwezi kuzungushana. Wengi wanaoandika hivi vivuko hawaitumii eti kwasababu kwenye apu nyingi NOTICE inaonekana vibaya. Mi naona uzuri wa rangi sio sababu, ila hapo kila mtu na chaneli yake.

Sasa kuna mambo matatu nimeyaona kwenye skripti yako ambayo hujaniuliza.

Mstari mmoja wa IRC mwisho wake ni baiti 512, ukihesabu na amri, jina la chaneli na alama mbili za mwisho wa mstari, na mbele yake seva inaongezea utambulisho wako inapowapelekea wengine. Discord mtu wa kawaida anaandika mpaka herufi 2000. Kwahiyo kata kwenye baiti 400 hivi, kata kwenye nafasi kati ya maneno, na zikizidi vipande vitatu tuma cha kwanza na useme mengine yako Discord. Usimwage vyote kwa mpigo, seva itakutoa kwa kosa la mafuriko, na nadhani ndo kilichowatoa ule usiku.

La pili ni hatari, hili lifanye leo. Mwisho wa mstari kwenye IRC ndo mwisho wa amri. Mtu wa Discord akiandika mistari miwili na wewe ukaichukua nzimanzima ukaituma, mstari wa pili seva inausoma kama amri mpya inayotoka kwa roboti yako. Akiandika QUIT kwenye mstari wa pili roboti inaaga inaondoka, na akili ikimcheza ataandika kibaya zaidi. Vunja maandishi kwenye kila `\r` na `\n`, kila kipande kiende na PRIVMSG yake.

La tatu ni kelele. Mtu wa IRC akiandika @everyone, webhuku yako itaamsha Discord nzima saa nane usiku. Weka `allowed_mentions` tupu. Na kwa upande mwingine, ukianza kila meseji na jina la mtu ambaye yuko pande zote mbili simu yake italia kila akijisemea mwenyewe, wengi wanapachika herufi isiyoonekana katikati ya jina ili lisishtue apu.

Fundi, roboti yangu ya Telegram nimeiingiza grupuni lakini kiziwi kabisa, inasikia zinazoanza na mkwaju tu. – Ujiji

Hiyo ni hali ya faragha, roboti zote zinazaliwa nayo. Nenda BotFather, ile roboti ya Telegram ya kusimamia roboti, andika /setprivacy, chagua roboti, izime, halafu mtoe grupuni umrudishe maana bila hivyo badiliko halishiki. Au mfanye admini, maadmini wanasikia yote.

Na mwingine wa hukohuko Ujiji aliyesema roboti ilikufa siku alipofungua historia ya grupu ionekane kwa wageni: grupu lako limepanda daraja kuwa supagrupu na namba yake imebadilika, sasa inaanza na -100. Telegram huwa inakutumia `migrate_to_chat_id`, skripti yako iliipata ikaipuuza.

Habari fundi. Baba na kaka zangu wanavua toka Katonga, simu zao ni vitochi. Nataka matangazo ya hali ya hewa na bei tunayoandika kwenye grupu yawafikie kwa SMS. Nimejaribu kwa simu ya Android ya zamani, inafanya kazi ila salio linaisha kama maji, meseji moja inakatwa tatu. – Binti wa Mvuvi, Katonga

Dada umefanya kitu cha maana sana, na huhitaji kubadilisha skripti yote, badilisha herufi.

SMS moja inabeba herufi 160 kama zote zimo kwenye alfabeti ya kawaida ya GSM. Ikiingia herufi moja tu ya nje ya alfabeti hiyo, meseji nzima inahamia mfumo mwingine na kikomo kinashuka mpaka 70. Zikizidi kikomo zinagawanywa, na kila kipande kinaliwa nafasi ya kuunganishia, inabaki 153 kwa mfumo wa kwanza na 67 kwa wa pili. Sasa chukua tangazo la herufi 150 ambalo lingeenda kama SMS moja, mtu grupuni kaweka samaki mmoja wa imoji mwishoni, huyo samaki anahesabiwa mbili, jumla 152, gawa kwa 67, umeshalipia SMS tatu kwa samaki ambaye kitochi cha mzee kinamwonyesha kama kisanduku.

Kiswahili kimebahatika, herufi zetu zote zimo kwenye alfabeti ya kawaida. Lakini kuna mtego hapa kwetu kuliko kwengine: "ng'ambo". Kibodi nyingi za simu na kompyuta zinageuza ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, ’, na hiyo iliyopinda haimo. Watu wa ziwani neno hilo tunaliandika kila siku, dagaa wa ng'ambo, upepo wa ng'ambo, na kila mara linakugharimu. Kwahiyo kabla ya kutuma skripti ibadilishe alama zote zilizopinda ziwe zilizonyooka, vistari virefu viwe vifupi, ifute imoji zote, halafu ihesabu. Ikizidi 160 isitume, imrudishie mwandishi grupuni "punguza maneno". Watajifunza haraka.

Kama unatumia Termux, ile apu ya kuendeshea skripti kwenye Android, amri ni `termux-sms-send`, nadhani ndo uliyotumia. Weka mapumziko ya sekunde kadhaa kati ya namba na namba, laini ya kawaida ikimwaga SMS nyingi kwa mpigo mitandao huwa inaikata ikidhani ni spamu. Wakifika watu wengi hamia kampuni ya kuuza SMS za jumla yenye kibali.

Na tafadhali la hali ya hewa lisipitie humu peke yake. Tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa lipeleke kama lilivyo na saa lilipotolewa, usiache mtu alifupishe grupuni halafu roboti ibebe ufupisho. Upepo ukibadilika ziwani meseji ya jana ni mbaya kuliko kukosa meseji.

Kaka fundi, nina wenzangu Bujumbura, Uvira na Kalemie, roboti inatuunganisha magrupu matatu. Tunagombana kila siku kuhusu saa, na mtu akibadilisha bei huku kule inabaki ya zamani. – Mfanyabiashara, Kigoma mjini

Saa kwanza. Wote watatu wako nyuma yetu saa moja, sisi UTC+3 wao UTC+2. Telegram haikupi saa ya mtu yeyote, kwenye `date` inakupa sekunde tangu 1970, ambazo ni zilezile dunia nzima, kwahiyo anayekosea ni skripti yako inayogeuza kwa saa ya simu yako halafu inaibandika kwenye meseji inayosomwa Kalemie. Ama usiandike saa kabisa, apu ya msomaji itamwonyesha ya kwake, ama uandike na mji: "20:00 Kigoma". Ila watu wanapoandika "boti linatoka saa mbili" usijaribu kutafsiri kwa skripti. Kuna saa mbili ya asubuhi na ya usiku, kuna anayehesabu kwa Kiswahili na anayehesabu kwa Kifaransa, roboti haina namna ya kujua. Wekeni kanuni ya grupu, safari zote ziandikwe tarakimu nne na mji.

Bei. Mtu akiedit, Telegram inakutumia `edited_message`, aina tofauti na `message`, na skripti yako inasikiliza hiyo ya pili tu. Unatakiwa utunze daftari, faili la SQLite linatosha, kila ulichobeba unaandika namba ya meseji ya asili na namba ya nakala kila grupu. Edit ikija unatafuta nakala, unazibadilisha kwa `editMessageText`. Kwa bei mimi ningeongeza na meseji mpya fupi, "bei imebadilika", maana edit hailizi simu ya mtu na kuna aliyeshakubali kwa bei ile ya kwanza.

Kufuta ni habari nyingine. Mtu akifuta meseji yake kwenye grupu, roboti haipewi taarifa yoyote. Nakala ya Uvira itabaki pale mpaka mtu aifute kwa mkono. Wape amri ya /futa, mtu anaijibu meseji yake nayo, roboti inatafuta kwenye daftari inafuta kote.

Umeme Kasulu unajua mwenyewe. Seva niiweke wapi? – Kasulu

Simu ya zamani ya Android. Betri yake ndo UPS yako. Pakua Termux kutoka F-Droid, washa `termux-wake-lock`, na kwenye mipangilio iondoe kwenye kubana matumizi ya betri, bila hivyo Android itaiua ukiipa mgongo. Tumia `getUpdates` ya Telegram na timeout ndefu, sekunde 50 kwa mfano, ombi linakaa wazi mpaka meseji ije, bando lako litakushukuru ukilinganisha na kuuliza kila sekunde. Webhuku ya Telegram, yaani wao wenyewe kukuletea meseji kwenye anwani yako, achana nayo, inataka anwani ya intaneti inayofikika kutoka nje na cheti cha HTTPS.

Kitu kimoja kwa watu wa kukatikiwa: Telegram inakutunzia meseji zisizochukuliwa kwa saa 24 tu. Na umeme ukirudi usiziachie zote kwa pamoja, kwenye grupu moja roboti inaruhusiwa kama meseji 20 kwa dakika, ukizidi unapata kosa 429 lenye `retry_after`, subiri sekunde ilizokwambia. Tunza `update_id` ya mwisho kwenye faili baada ya kutuma, na unapouliza tena ongeza moja, vinginevyo kila kuwasha watu watasoma ya jana upya.

Mimi ni mwalimu, Tabora. Nimegundua niliyoyaandika kwenye grupu la wazazi yanasomwa kwenye grupu jingine la watu nisiowajua, admini kasema "ni roboti tu". Ni sawa hii? – Mwalimu

Sio sawa mwalimu, na "ni roboti tu" sio jibu, roboti kaiweka mtu.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayopokea malalamiko. Jina lako, namba yako na habari za mtoto wa darasani ni taarifa binafsi, ulizitoa kwa wazazi wa shule hiyo kwa shughuli ya shule hiyo. Mimi sio mwanasheria, ila kabla hujafika huko mwandikie admini kwa maandishi aiondoe roboti au aseme inapeleka wapi, na wazazi wengine wajue.

Na nyie mnaoziandika hizi skripti, maana najua mnasoma. Pini meseji juu ya kila grupu iseme kinachobebwa na kinakokwenda. Msibebe namba za simu, jina la kwanza linatosha. Wekeni njia ya mtu kujitoa, akianza meseji na alama fulani isibebwe, mistari miwili ya Python hiyo. Na kwenye grupu lenye habari za watoto, wagonjwa au madeni ya watu, hiyo kazi ikataeni hata mkilipwa.

Mwalimu, ukiandika kwa admini piga na skrinshoti ya grupu la pili kabla hajalifunga.